Hapa Hapana Mwenyewe

Maneno hayo niliambiwa mara ya kwanza juu ya kivuko, katikati ya Mto Pangani, mji tumeuacha nyuma na kilima cha Bweni kiko mbele yetu. Dalali alikuwa ameegemea pikipiki yake. Akanyoosha mkono kuelekea kusini, akasema: "Kule tunakokwenda ni pori tu, kaka. Hapana mwenyewe. Unachagua unapopataka, unapimiwa, unalipa, basi."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani, akaolewa Tanga, na hadi anafariki alikuwa akisema "kwetu" akimaanisha ng'ambo ya mto, si mjini. Hakuacha shamba wala kiwanja. Nami tangu nianze kazi nilikuwa na nia moja: nipate ekari kumi upande ule, nipande minazi na michungwa, nikistaafu niwe na pa kukaa. Wakati huo habari za daraja zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Daraja la mita 525 juu ya mto, na barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Watu ambao hawakuwahi kuijua Pangani walianza kuvuka na kivuko wakiwa na fedha za kununua ardhi. Nikaona nikichelewa sitapata kitu.

Dalali alinipeleka kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Tuliiacha barabara, tukaingia kwenye kichaka. Kijana mmoja akapima kwa miguu, kwa kuwa vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Bei ilikuwa shilingi 600,000 kwa ekari. Nikalipa 6,000,000 kwa ekari kumi, nikaandikiwa karatasi yenye sahihi za mashahidi watatu na mhuri wa kijiji. Ule mhuri niliuona kama kitu kizito sana. Nilirudi Tanga nimeikunja ile karatasi ndani ya bahasha mbili.

Hapa niseme jambo la vipimo, maana limewaumiza wengi. Hatua inayokusudiwa katika ile 70 kwa 70 ni yadi, na ekari kamili ni yadi za mraba 4,840, kwa hiyo hesabu inakaribiana. Lakini hatua ya mtu si yadi. Kijana aliyetupimia alikuwa mfupi, tena alikuwa akitembea kwenye majani marefu. Nilipokuja kupima mwenyewe kwa futi kamba, ekari zangu kumi zilikuwa nane na ushei. Muuzaji naye asipoangalia huumia: wapo wanaopima mita 70 kwa 70, na hizo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047 tu. Nenda na futi kamba yako, na kabla ya kupima mkubaliane kama ni hatua au mita.

Hilo la hatua lilikuwa dogo. Siku ile kichakani niliona mkonge. Si mmoja wala miwili, ilikuwa mikonge mingi iliyozeeka, mingine imeshatoa mlingoti wa maua na kufa, na yote imekaa kwenye mistari. Mistari iliyonyooka kabisa, ndani ya pori. Niliona pia tuta refu la udongo lililopita katikati ya vichaka kama barabara iliyosahauliwa. Nikavuka juu yake, sikuuliza. Leo nikikumbuka nasikia uchungu kuliko hata wa fedha, kwa kuwa ile ardhi ilikuwa inaniambia mwenyewe ni nani, tena waziwazi, nami nikapita.

Baada ya miezi minane nilipigiwa simu kwamba kuna barua. Eneo lile lote, pamoja na vipande vya wenzangu zaidi ya kumi, lilikuwa ndani ya hati ya shamba la zamani la mkonge. Shamba lilikufa, wenyewe waliondoka, lakini hati haikufa. Shamba likitelekezwa, hati yake hubaki hai mpaka Rais aibatilishe kwa utaratibu wa sheria, na hata ikibatilishwa, ardhi ile haigeuki kuwa ya kijiji kwa sababu tu kijiji kiko jirani. Kijiji kilichogonga mhuri kilikuwa kimeuza kitu kisicho chake. Nilihangaika karibu mwaka mzima. Nikarudishiwa 1,500,000, kwa vipande vipande, na nyingine sikuziona tena.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipokutana na babu mmoja aliyewahi kukata mkonge enzi za ujana wake. Nilimkuta barazani kwake, nikamsalimu shikamoo, nikamweleza yaliyonipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hukuona reli?" Nikasema sikuona reli. "Lile tuta. Lile ndilo lilikuwa la reli, vitoroli vilikuwa vinapita pale na mkonge kwenda korona." Korona ndiyo mashine ya kuchakata majani na kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge. Alinichorea chini kwa fimbo: korona ilikuwa hapa, kambi za manamba, wale vibarua wa mkataba, pale, nyumba ya meneja kule juu kwenye upepo, na mpaka wa shamba ulifuata safu ya miembe hadi kwenye kijito. Mchoro ule kwenye mchanga ulikuwa sahihi kuliko karatasi yangu yenye mhuri. Nilipokuja kuonyeshwa ramani kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya, mpaka ulifuata kijito kilekile.

Nilirudi kwa babu yule mara nyingi, na si kwa ajili ya ile kesi tena. Nilianza kuelewa kwamba nilichokosa hakikuwa wakili. Nilikosa kujua historia ya mahali nilipotaka kuishi.

Pangani tunaipenda kwa milango yake ya kuchongwa na ile Boma ya zamani, lakini mji ule ulisimama kwa sababu ya mashamba. Kabla ya mkonge kulikuwa na miwa. Katika karne ya 19 kingo za mto, kwenda juu, zilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili wenye mali, na waliolima walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, ambaye jina lake limebaki kwenye kata ya Bushiri, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Wengi tunakumbuka shuleni kwamba aliongoza vita dhidi ya Wajerumani. Iliyofundishwa zaidi ni bendera: mwezi Agosti 1888 mtu wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alikuja Pangani kuipandisha na kuushika mji, watu wakakataa, pwani nzima ikawaka. Lakini kampuni haikuja kwa ajili ya bendera peke yake. Ilikuja kushika forodha, kodi na ardhi. Abushiri alikamatwa, akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Miaka sita baadaye, Novemba 1895, serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Anayedai ni yake alete ushahidi. Nilipoisoma habari hiyo niliacha kusoma, nikakaa kimya. Isiyo na mwenyewe! Ni maneno yaleyale ya juu ya kivuko. Ndiyo maana siwezi kuyasikia tena kama maneno ya kawaida ya biashara. Mtu aliyelima miaka mitatu akapumzisha shamba miaka mitano, mtu mwenye minazi bila karatasi, ukoo wenye makaburi tu, wote hao waliambiwa hawapo.

Na kampuni ileile ndiyo iliyoleta mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wake wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipofika ilikuwa hai 62 tu, na ikapandwa Kikogwe, huku huku Pangani. Kutoka miche 62 ukaota mkonge uliokuja kuifunika Tanga nzima na kwenda hadi Morogoro na Kilimanjaro, na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ilipofika 1964. Ardhi ilipatikana kwa amri ya 1895 na nyingine zilizofuata. Wafanyakazi walitoka mbali, waliandikishwa kwa mikataba na kupewa namba, ndipo likaja jina manamba. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Kufikia miaka ya 1980 mengi yalikuwa yameshageuka vichaka, na baadhi yakaja kuuzwa tena kwa watu binafsi. Kila hatua kati ya hizo imeacha karatasi mahali fulani. Kwa hiyo ukikuta pori lenye mistari ya mkonge Pangani, jua kwamba lipo jalada lake ofisini hata kama ng'ombe ndio wanaolala ndani.

Utafutaji wa pili niliuanza baada ya miaka miwili, na safari hii sikwenda na dalali. Nilikwenda na babu. Hakutaka malipo. Alitaka nauli ya kivuko na mtu wa kumshika mkono kwenye miinuko.

Alinifundisha kusoma shamba kwa macho. Safu ya miembe mizee inaonyesha njia ya zamani au maskani ya watu. Uzio wa minyaa ni mpaka ambao mtu fulani aliuheshimu, hata kama leo hakuna anayeishi ndani yake. Na mbono kaburi, huo ndio aliousisitiza kuliko yote. "Ukiona mbono umepandwa kwa kuzunguka, usikanyage. Jina lake linakwambia." Kwenye shamba la kwanza tulilolikagua tuliukuta, na muuzaji akasema ni mimea tu ya porini. Babu alimwangalia, akaaga kwa adabu, tukaondoka. Njiani akaniambia kwamba anayeficha makaburi ataficha na mengine.

La tatu lilikuwa la bi mkubwa mmoja, mjane, karibu na mto lakini si ukingoni. Ekari saba, minazi arobaini na kitu, miembe minne. Hakuwa na haraka ya kuuza, na hilo pekee lilinipa imani. Lakini shamba lilikuwa la marehemu mumewe. Watoto walikuwa watano, wawili wakiwa Dar es Salaam, na mirathi haikuwahi kufunguliwa. Angeweza kuniuzia siku ileile mbele ya mashahidi, na pengine angekuwa na nia safi kabisa, kisha mtoto mmoja angekuja miaka kumi baadaye kudai fungu lake, na sheria ingemsikiliza, maana muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Tukakubaliana kusubiri. Familia ilikaa kikao cha ukoo, ikaandika muhtasari, ikamteua mtoto wa kwanza, naye akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo. Ilichukua miezi mitano. Nilichangia nauli za watoto wa Dar, na sijutii hata senti moja ya hizo.

Kisha ukaja mjadala wa minazi, ambao mtu asiye wa pwani unaweza kumshangaza. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kupewa ruhusa ya kupanda kwenye ardhi ya mwenzake, minazi ikawa yake, akairithisha. Katika ile minazi ya bi mkubwa, kumi na moja ilikuwa ya jirani, iliyopandwa na baba yake kwa makubaliano ya mdomo. Bi mkubwa alinionyesha mmoja mmoja kwa kuugusa shina. Nilikwenda kwa jirani, tukazungumza, nikainunua minazi yake kwa karatasi yake peke yake. Ningejenga uzio bila kuuliza, ningeanza maisha ya ujirani kwa ugomvi.

Maji nayo yana historia yake. Nilitaka kulima mpunga kwenye bonde la chini. Babu akaniambia nisubiri bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, kisha nionje maji ya mto. Nikaonja. Chumvi. Bi mkubwa alisema alipoolewa walikuwa wakichota maji ya kunywa palepale. Mto huu unashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na njiani unamwagilia mashamba ya watu wengi. Yanayofika huku chini yamepungua nguvu ya kuisukuma bahari, kwa hiyo bahari inapanda mtoni. Minazi ya ukingoni ilianza kufa ikiwa imesimama. Kwa hiyo mpunga niliuacha, na bei tukairekebisha kwa uwazi, yeye mwenyewe akisema lile bonde silo lile alilolijua.

Wale wanaouziwa viwanja "mguuni mwa maji" wanapaswa pia kujua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi zaidi kwa kipande ambacho hawaruhusiwi kujenga. Shamba langu linaanzia mbali na hapo, na bado nikisimama chini ya miembe asubuhi nauona mto.

Upande wa kijiji sikutaka tena mhuri wa haraka. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Niliomba kuona cheti cha ardhi ya kijiji, nijue mipaka inaishia wapi na kama shamba liko ndani. Niliomba maombi yangu yasomwe kikaoni na yaandikwe kwenye muhtasari. Mtendaji aliniambia kwa upole kwamba wanunuzi wengi hawaulizi hayo. Nilikwenda kikao mara mbili. Mara ya kwanza akidi haikutimia, nikalala kwa babu. Mara ya pili niliulizwa mimi ni nani na nataka nini. Nilipolitaja jina la bibi yangu, mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Yule aliyeolewa Tanga?" Sikutegemea kabisa. Baada ya miaka yote ile, kulikuwa na mtu aliyejua kwamba aliondoka.

Siku ya kutembea mipaka tulikuwa watu kumi na wawili, majirani wote wanne wakiwepo, kila mmoja akisimama kwenye kona yake. Hatukupima kwa hatua.

Bi mkubwa aliweka sharti moja, na mwanawe akaliandika kwenye mkataba: njia ya kutoka barabarani hadi kwenye makaburi ya familia isifungwe, na sehemu ya makaburi isihesabiwe katika mauzo. Ipo nyuma ya miembe, imezungukwa na mbono. Tukaipima, tukaitoa kwenye ekari. Nilisaini.

Mwezi wa Shaabani uliofuata, kabla ya Ramadhani, walikuja kuzuru. Nilikuwa nimeshafyeka njia siku mbili kabla. Walisafisha makaburi matatu, wakasoma, wakaomba dua. Kisha bi mkubwa akanishika mkono, akanivusha nje ya duara la mbono, hatua kama kumi hivi, mpaka penye jiwe moja lililolala kwenye majani. Sikuwahi kuliona.

"Na huyu," akasema. "Alikuwa mnamba. Aliugua akiwa anapita hapa, baba mkwe wangu akamzika. Wa bara huko. Jina hatukulipata."

Tukaing'oa ile nyasi kwa mikono, yeye upande mmoja na mimi mwingine. Nilipovuka mto jioni ile nilinunua miche miwili ya mbono mjini, nikaiweka kwenye ndoo yenye maji, nikaondoka nayo kwa kivuko cha kwanza asubuhi.